Futa hiyo 25 uandike 298

Simama hapo hapo, mdogo wangu. Umeleta hesabu ya N₂O₄ inayovunjika kuwa NO₂, K, yaani namba ya msawazo wa mmenyuko, ni 0.15 kwenye nyuzi 25 na 0.32 kwenye nyuzi 35, unauliza entalpi, yaani joto linalofyonzwa au kutolewa na mmenyuko, inapatikanaje na kama grafu ni bora kuliko fomula. Lakini mstari wako wa pili unasema 1/25 toa 1/35. Roho imeniuma, maana ndipo nilipoangukia mimi.

Mwalimu wetu wa twisheni alitwambia bila hata kupepesa macho: "Tofauti ya Selsiasi na ya Kelvini ni ileile, msipoteze muda kujumlisha 273." Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Kwenye hesabu za kuchemsha maji maneno hayo yanasimama, maana pale unatumia tofauti yenyewe, na 10 ni 10 popote. Kwenye mlinganyo wa van 't Hoff, ule unaounganisha K na halijoto T, unatoa 1/T kwenye 1/T. Bonyeza uone: 1/25 toa 1/35 ni 0.0114, ila 1/298 toa 1/308 ni 0.000109. Zimepishana zaidi ya mara mia!

Sasa malizia. ln(0.32/0.15) ni 0.758. Zidisha kwa R, namba thabiti ya gesi, 8.314, kisha gawa kwa ile tofauti ya 1/T. Kwa Kelvini unapata kama 57.8 kJ kwa moli, jirani kabisa na 57.2 ya vitabuni. Kwa njia yako unapata 551 J. Ubaya wake ni kwamba alama ni chanya vilevile, mmenyuko unaonekana unafyonza joto kama inavyotakiwa, na hakuna kinachokushtua.

Mimi kwenye mtihani wa utimilifu, kidato cha sita, sikushtuka. Kipengele kilichofuata kikataka K kwenye nyuzi 0. Nikabonyeza 1 gawanya kwa 0, kalkuleta ikaleta ERROR. Nikaizima, nikaiwasha, nikabonyeza tena. ERROR. Swali zima likaenda na maji. Nyuzi 0 za Selsiasi ni pale maji yanapoganda tu, molekuli bado zinahangaika. Sifuri ya kweli ni ya Kelvini, na hata hiyo R ni jouli kwa moli kwa Kelvini.

Grafu nayo, mhimili wa chini ni 1/T ya Kelvini. Lakini utaichora baadaye. Kwanza futa hiyo 25.