Kupiga kafi kabla ya mapambazuko ziwani Kivu: kazi inaanza jioni

Wanaotaka kutoka Bukavu, mji wa Kongo ulio kusini mwa ziwa, kwa mtumbwi na hema huuliza kwanza habari za kafi na njia. Afadhali waulize watalala wapi. Safari ya alfajiri huharibika tangu jioni: watu wanafika ufukweni giza limeshaingia, wanasimamisha hema popote palipo tambarare, na saa kumi usiku wanapapasa mizigo wakitafuta tochi.

Kuamka saa hiyo si ushujaa. Mchana jua hupasha nchi kavu joto upesi kuliko maji, upepo unavuma toka ziwani kwenda milimani, na ikikaribia saa sita mawimbi yanaanza kupiga. Usiku upepo hugeuka, unashuka toka milimani, na mara nyingi ni mwepesi. Kwa kawaida maji yanatulia vizuri kati ya saa kumi na moja na saa mbili asubuhi. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini-mashariki una nguvu zaidi, basi panga kufika mapema. Wakati wa mvua, ukiona umeme upande wowote wa ziwa, rudi ulale.

Watu wawili kwenye mtumbwi wenye mizigo huenda kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Upepo wa mbele unaikata hesabu hiyo nusu. Kwa asubuhi moja usipange zaidi ya kilomita 12.

Sasa mahali pa kulala. Ufike saa kumi jioni, si baadaye, kwa kuwa pori la kweli hapa ni maji yenyewe. Nchi kavu ina wenyewe karibu kila hatua. Mpigie hodi chifu wa kijiji kabla ya kushusha mzigo, uwe na kitambulisho, yaani kadi yako ya uchaguzi, na umwambie saa utakayoondoka. Uliza pia bandarini kama kusafiri gizani kunaruhusiwa siku hizo. Kama hakuruhusiwi, ngoja kuche. Mtumbwi usio na taa usiku, karibu na mpaka wa Rwanda, askari hawauoni kama wa watalii. Wanaona magendo.

Upande wa kusini na magharibi, kimbia midomo ya mito na chini ya miteremko iliyolimwa. Mei 2023 mito ilipofurika Kalehe, huko Bushushu na Nyamukubi, watu mamia walikufa, na mvua iliyoleta yale maji ilinyesha juu milimani. Unaweza kulala pakavu kabisa na mto ukakukuta. Tafuta rasi yenye mawe, mita 3 au 4 juu ya maji, isiyo na mfereji nyuma yake.

Upande wa kaskazini, kutoka Goma kwenda Sake, hatari ni mazuku. Ni hewa ya kaboni dayoksaidi inayotoka kwenye nyufa za ardhi ya volkeno. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo hujaa mabondeni na kwenye mashimo ya mawe meusi, hasa usiku usio na upepo, na hutawanyika jua likipanda na upepo ukianza. Yaani saa ile ile unayokunja hema ndiyo saa yake mbaya. Dalili ni ndege, mijusi au vyura waliokufa bila jeraha. Watu hushusha kiberiti chini kuona kama moto utazimika, usiutegemee. Hewa ya kukuangusha inaweza kuwepo na moto bado unawaka. Lala mahali palipoinuka kuliko pande zote, na waulize akina mama wanaochota maji ni wapi mbuzi hawapelekwi. Mwenzako akianguka shimoni usimrukie kumtoa, mtakuwa wawili.

Na mbabula, jiko la makaa, isiingie hemani hata kama baridi inauma. Makaa yakiwaka yana sumu yake, tena haina harufu.

Mtumbwi wenyewe ukague mchana. Wa mti mmoja uliokaa juani hupasuka. Uache majini usiku kucha ukiwa na maji kidogo ndani ili mti uvimbe. Wa mbao huvuja kwenye viungo, pale pamba na lami vimetoka. Pitisha kidole kwenye kila kiungo toka mbele mpaka nyuma, kinapozama, paziba. Kopo la kutolea maji tengeneza kwa bidoni (galoni ya plastiki) ya lita 5: ikate kwa mshazari, acha mkono wake, acha na kifuniko kimefungwa. Lifunge kwa kamba ya mita moja karibu na anayekaa nyuma. Kopo lisilofungwa ndilo la kwanza kuelea mbali siku unayolihitaji.

Funga bidoni mbili tupu za lita 20, moja mbele na moja nyuma, vifuniko vimekazwa. Mtumbwi ukijaa maji kila moja inabeba karibu kilo 20, na mtumbwi unabaki juu vya kutosha kushikiliwa. Mizigo mizito ikae chini, katikati, na nyuma kuwe kuzito kidogo kuliko mbele. Pua ikizama mtumbwi hauendi njia unayoutaka. Ukishapakia pima ukingo: toka usawa wa maji ibaki shubiri nzima. Isipofika, punguza mzigo. Nguo na unga viingie kwenye mifuko miwili ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, halafu vifunikwe kwa shitingi, yaani turubai. Mizigo ifungwe, mtu asijifunge. Jile, koti la kuelea, livaliwe, lisikaliwe.

Maji ya kunywa, lita 4 kwa mtu kwa siku. Ya ziwa chemsha mpaka yatokote dakika nzima. Kipindupindu kwenye fukwe hizi si habari ya zamani.

Usiku wa kuondoka, kila kitu kilale mahali kitakapotumika: kafi mbili na ya akiba mtumbwini, tochi shingoni, chai kwenye thamosi. Acha macho yazoee giza karibu nusu saa kabla ya kusukuma, maana tochi ikiwaka mara moja mnaanza upya. Tumia vivuli vya milima kujua njia, na tochi iwe tayari ya kuonyeshea boti yenye mota. Mawimbi yake yakija, geuza pua kidogo mshazari kuyaelekea, usiyape ubavu.

Wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, ndio wenye ziwa saa hizo. Wanavua na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, taa katikati, na miti mingine inatokeza mbali mbele na nyuma bila taa yoyote. Ukiona taa, usikadirie ukubwa wa chombo kwa taa hiyo. Zunguka kwa mita 100, na usipite kati ya taa mbili zilizo karibu. Sauti za kuimba husikika kabla miti haijaonekana, kwa hiyo pigeni kafi kimya. Mwezi mpevu taa haivuti samaki, wengi hawatoki: ndio usiku mzuri kwa mgeni, ziwa ni tupu na unaona. Mwezi ukiwa haupo, subiri hadi saa kumi na moja na nusu.

Mkipinduka, shikeni mtumbwi. Ufukwe wa gizani huonekana karibu kuliko ulivyo. Maji ya Kivu si ya barafu, ila upepo wa alfajiri juu ya nguo mbichi, kwenye mwinuko wa mita 1,460, utawatetemesha vibaya. Nguo kavu za kila mtu ziwe kwenye bidoni yenye mdomo mpana, si chini ya mfuko wa sufuria.