Maswali na majibu: kutunga gemu la maandishi kwa The Quill

The Quill ni kitu gani, na inafanya kazi vipi?

Ni programu ya Graeme Yeandle iliyotolewa mwaka 1983 na Gilsoft ya Barry, Wales, kwa ajili ya ZX Spectrum ya 48K, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980. Hutumika kutunga gemu la maandishi, ambalo mchezaji hulicheza kwa kuandika amri. Huandiki hata mstari mmoja wa BASIC, lugha ya kuprogramu ya kompyuta hiyo. Unajaza majedwali: maeneo, njia za kutoka eneo hadi eneo, vitu, ujumbe, msamiati, kisha jedwali la matukio, ambako kila amri ya mchezaji inapewa masharti na matokeo yake. Leo inaendeshwa vizuri kwenye emuleta (programu inayoiga kompyuta ya zamani) kama Fuse. Chagua mashine ya 48K.

Natunga kwa Kiswahili. Mchezaji akiandika FUNGA MLANGO, mlango unafunguka! Kosa liko wapi?

The Quill huhifadhi herufi 4 za mwanzo tu za kila neno. FUNGA na FUNGUA yote yanabaki FUNG, kwa hiyo kwake ni neno moja. KISIMA na KISIWA nayo yanagongana, yanakuwa KISI. Kabla ya kujaza msamiati, andika maneno yako yote pembeni, yakate kwenye herufi ya nne, utazame yapi yamefanana. Kwa nomino dawa ni rahisi: badilisha kitu. Kwa FUNG, ifanye amri moja inayogeuza hali ya mlango, ukitumia bendera, yaani namba ya kumbukumbu kati ya 0 na 255. Tuseme mlango uko eneo la 3 na bendera ni ya 11. Kushoto kwa mstari wa kistari ni masharti, kulia ni matendo: AT ni mchezaji yuko eneo hilo, ZERO ni bendera ni 0, NOTZERO ni si 0, SET huipandisha bendera, CLEAR huirudisha 0, MESSAGE huonyesha ujumbe, DONE humaliza:

FUNG MLAN: AT 3, ZERO 11 — SET 11, MESSAGE 5, DONE
FUNG MLAN: AT 3, NOTZERO 11 — CLEAR 11, MESSAGE 6, DONE

Usisahau DONE kwenye mstari wa kwanza. Bila hiyo programu inaendelea kusoma jedwali, inakuta bendera imeshapanda, na mstari wa pili unaufunga mlango papo hapo. Mchezaji ataona ujumbe wote wawili kwa mpigo. Hili ndilo kosa tunaloliona zaidi ya yote kwenye gemu za wanaoanza.

Halafu njia ya kupita mlangoni usiiweke kwenye jedwali la njia, maana jedwali hilo halina masharti. Iweke kwenye matukio: KASK (yaani KASKAZINI), kisha AT 3 na NOTZERO 11, matokeo GOTO 4 na DESC. Ukiacha DESC, mchezaji anahamishwa lakini haoni maelezo ya eneo jipya.

Nina taa, ila pangoni bado giza.

Taa yako si kitu namba 0. The Quill hutambua chanzo kimoja tu cha mwanga, nacho ni kitu 0. Giza nalo hutokea bendera namba 0 inapokuwa na thamani isiyo sifuri. Tengeneza vitu viwili: 0 ni taa inayowaka, 1 ni taa iliyozimwa. Kwenye WASH TAA (WASHA TAA) weka sharti PRESENT 1, yaani kitu 1 kipo, na tendo SWAP 1 0, linalobadilishana nafasi za vitu hivyo viwili. Kwa kuwa vyote viwili vinaitwa TAA, amri ya CHUK TAA (CHUKUA TAA) inahitaji mistari miwili, mmoja wenye PRESENT 0 na mwingine PRESENT 1.

Nimehifadhi gemu kwenye kaseti, sasa haliharirishiki.

Umehifadhi gemu lililokamilika, ambalo hujiendesha bila The Quill na halirudi kwenye mhariri. Hifadhi pia kanzidata, yaani majedwali yako yanayoweza kuhaririwa tena, ambayo ni chaguo tofauti kwenye menyu, kila unapomaliza kazi ya siku.

Nihamie programu nyingine za kutunga gemu, The Graphic Adventure Creator (GAC) au PAW (Professional Adventure Writer)?

GAC ya Sean Ellis, iliyotolewa na Incentive mwaka 1985, ina kihariri cha picha ndani yake, lakini picha hizo zinakula kumbukumbu ile ile ya maandishi. Kwa anayetunga kwa Kiswahili tunapendekeza PAW, ya Gilsoft pia, ya mwaka 1987. Yenyewe huhifadhi herufi 5: FUNGA na FUNGU yanatengana, KISIM na KISIW vilevile. Kwenye Spectrum ya 128K inatumia kumbukumbu ya ziada, na tendo lake AUTOG, linalochukua kitu kilichotajwa, linakuondolea mzigo wa kuandika CHUK kwa kila kitu kimoja kimoja.