Bafa ya kilomita 1 imefika Iganga: angalia kipimo, halafu angalia filta

Ndugu yangu, umesema kwenye programu ya ramani umeweka bafa (duara la umbali fulani kuzunguka kila kisima) ya 1 kwenye visima vya pampu vinavyofanya kazi Tororo, Uganda, na duara zimefika Iganga na kuvuka mpaka Kenya. Hizo ni digrii, si kilomita. Data yako iko kwa latitudo na longitudo, na huku kwetu karibu na ikweta digrii moja ni kama kilomita 111. Kama programu inakupa pa kuchagua kipimo weka mita 1,000 yaishe, ila kama unaandika amri za SQL kwenye PostGIS, ST_Buffer, amri ya kuchora bafa, itasoma digrii mpaka ubadilishe data kutoka aina ya geometry iwe aina ya geography ndo ihesabu mita.

Lakini mi kinachonitia wasiwasi zaidi ni filta yako, yaani sharti la kuchagua visima vinavyofanya kazi tu. Kwenye jedwali ulilotuma, kolamu ya hali ina "Functional", ina "functional" ya herufi ndogo, ina "Functional" yenye nafasi tupu nyuma, na ina "Non functional". Mimi nilifanya kazi kama hiyo ya visima, nikachuja kwa "ni sawa na" nikapoteza visima vizima kibao, nikabadilisha nikaweka "ina neno", namba ikapanda nikafurahi, kumbe nimebeba na vibovu vyote maana "Non functional" nayo ina neno hilohilo ndani. Ramani ikaenda kikaoni hivyohivyo. Mama mmoja wa kamati ya maji akaweka kidole juu ya duara la kijiji chake akasema, "Mwanangu, hapa mpini ulikatika zamani, sisi tunachota mtoni." Iliniuma sana, kwa sababu kwa ramani ile kijiji chake kilikuwa hakihitaji kisima.

Kwa hiyo siku hizi natoa kwanza orodha ya maneno yote tofauti yaliyomo kwenye kolamu, nasafisha kwenye Excel, ndo nachuja. Bafa inakuja mwisho. Kama unatumia ArcGIS Online, programu ya ramani ya mtandaoni, hii inakusaidia hata mfukoni, uchambuzi unachukua zile pointi zilizopita kwenye filta tu na kredit, yaani salio unalolipia, zinakatwa kwa idadi yake.

Usichuje kwa sabukaunti yako (eneo la utawala ndani ya wilaya) peke yake. Kisima kilicho mita 300 ng'ambo ya mpaka watu wako wanachota hapohapo, mtu akiwa na jerikeni haulizi mpaka wa sabukaunti uko wapi, sasa ukikitoa utaonyesha ukame mahali maji yapo. Acha na sabukaunti jirani ndani, bafa ikishatoka ndo ukate kwa mpaka wako. Na visima vya mjini vichuje peke yake, kwa sababu ile kilomita 1 ni kipimo cha serikali ya Uganda cha vijijini, mjini ni mita 200.

Pia chagua duara ziungane ziwe umbo moja, la sivyo nyumba iliyo kwenye duara tatu itahesabiwa mara tatu.

Halafu washa picha ya satelaiti chini ya bafa uangalie vinamasi. Upande wa mto Mpologoma unaweza kukuta nyumba na kisima vimeachana mita 700 kwenye ramani lakini katikati ni mafunjo matupu, mtoto anazunguka mpaka darajani na jerikeni kichwani. Nyumba kama hizo ziwekee alama kwa mkono, bafa haitakuonyesha.