Kabla ya Kupima Kaboni ya Matumbawe ya Malindi

Wanafunzi wanaotaka kuchunguza mikondo ya bahari kwa kupima kaboni-14, yaani aina ya kaboni yenye unururifu, iliyomo katika matumbawe huniuliza kwanza habari za mashine. Kwa niliyoyaona katika kazi hii hapa Malindi, nawashauri waanze na pepo za msimu, kwani anayeielewa kaskazi na kusi ndiye atakayejua achukue sampuli wapi na kwa unene gani.

Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni-14 hewani, hata kufikia 1963 ikakaribia maradufu katika nusu ya kaskazini ya dunia. Maji ya juu ya bahari yaliifyonza polepole, ilhali ya kilindini, ambayo hayajagusana na hewa kwa muda mrefu, yalibaki na kiasi kidogo. Tumbawe hujijenga kwa kaboni iliyoyeyuka katika maji yanayolizunguka, hivyo kila tabaka huonyesha ni maji ya namna gani yaliyopita hapo. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, wala hakimdhuru mtu. Hilo wavuvi hawachoki kuniuliza.

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi huungana na Mkondo wa Somalia. Ikivuma kaskazi, ule wa Somalia hugeuka ukaja kusini, na miwili hiyo hukutana kisha ikaelekea mashariki, bahari kuu. Sasa, tumbawe la jamii ya Porites hukua takriban sentimita moja kwa mwaka. Ukisaga sentimita nzima kuwa sampuli moja, umechanganya misimu yote miwili, na wastani utakaoupata hautakuonyesha mabadiliko hayo ya msimu. Mimi hukwangua milimita moja moja, nikifuata mstari wa ukuaji unaoonekana katika picha ya eksirei, na kila mara hufuta ncha ya keekee na kupuliza unga mweupe uliobaki, kwa sababu chembe za mwezi mmoja zikiingia katika mwezi mwingine hazitenganishiki tena. Gharama hupanda, lakini naona afadhali miaka michache iliyopimwa kwa makini kuliko karne nzima iliyopimwa kijuujuu.

Jambo la pili ni mto Sabaki. Wakati wa kaskazi maji yake ya tope husukumwa kusini hadi ghuba ya Malindi, nayo huja na kaboni ya bara ambayo si habari ya mkondo wowote wa bahari. Pima bariamu, elementi ya metali, katika tabaka zilezile, kwani huongezeka mto unapoleta udongo, au chagua tumbawe lililo mbali na mlango wa mto.

Vibali vishughulikiwe mapema. Hifadhi ya bahari iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na matumbawe magumu yamo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo hata kipande kidogo hakisafirishwi kwenda maabara ya ng'ambo bila karatasi zake.