Maswali na majibu: Mtaalamu asiye na kasoro hutampata

Barua za wiki hii nimezichagua makusudi. Zimetoka kwa watu wenye kiu ya ukamilifu, ambao wenzao huwaona hodari, na ambao usiku hawalali kwa kutafuta kosa; wote wanauliza wapate wapi mtaalamu wa kuwasaidia. Nimezifupisha na majina nimeyaacha.

Mimi ni mhasibu. Ripoti ya kurasa nne naipitia tena na tena hadi saa nane usiku. Mkuu wangu ananisifu, mke wangu amechoka. Huu ni ugonjwa au uchapakazi? Na nikitaka msaada nianzie kwa nani? (Mwanza)

Ndugu yangu, uchapakazi una mahali unapoishia: kazi ikikamilika, mtu anaenda kulala. Ripoti yako ikipokelewa vizuri, furaha inakaa muda gani? Kama papo hapo unajiambia "hata mtoto angeiweza", kisha unajipandishia kipimo, hapo pana jambo la kushughulikia. Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza, Roz Shafran, Zafra Cooper na Christopher Fairburn, waliieleza hali hii, kiu ya ukamilifu, kuwa ni ya mtu anayeipima thamani yake karibu yote kwa kufikia viwango vikali alivyojiwekea, na haviachi hata vinapomdhuru. Haimo kama ugonjwa wa peke yake katika orodha za magonjwa ya akili, lakini mara nyingi huandamana na sonona, wasiwasi na matatizo ya kula.

Anza kwa mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea tiba ya mazungumzo. Hapo Mwanza, ulizia idara ya magonjwa ya akili katika hospitali ya Bugando. Daktari wa magonjwa ya akili ndiye anayeandika dawa, nawe utamhitaji ikiwa usingizi umekatika kabisa au moyo umekuwa mzito kwa wiki kadhaa. Wakikutania kwamba unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, waache waseme. Wengi wanaokaa kwenye mabenchi ya kliniki hizo ni watu wenye kazi na familia kama wewe.

Nasoma shahada ya uzamili na tasnifu imekwama sura ya kwanza. Tangu mwaka jana natafuta mwanasaikolojia. Nina daftari la majina, ada na vyuo walivyosoma. Kila mmoja ana kasoro. Nimpateje aliye sahihi? (Eldoret)

Mdogo wangu, kinachokuzuia kuandika tasnifu ndicho kilichoshika kalamu ya kuchagua mtaalamu. Mwaka mzima umepita, daftari linazidi kuwa zuri, na wewe hujasema neno na mtu yeyote. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, maana naona jinsi ulivyo peke yako na hilo daftari. Kwa hiyo nakupa vigezo vichache, na vikitimia unalifunga.

Kwanza usajili. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na bodi ya kuwasajili. Omba namba ya usajili; mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo. Halafu mpigie simu umuulize: umewahi kuwahudumia watu wanaoshindwa kumaliza kazi kwa kuogopa dosari? Unatumia njia gani? Tutajuaje kwamba napata nafuu? Hapo usipime ufasaha wake, pima kama amejibu. Anayekuahidi kupona kwa vikao viwili, mwache. Anayesema "tuanze na sura hiyo ya kwanza, tuone baada ya mwezi umefika wapi" anatosha. Weka miadi siku hiyohiyo.

Mpe vikao vitatu au vinne kabla ya kumhukumu. Tafiti za tiba ya mazungumzo zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba uhusiano wa mtaalamu na anayetibiwa una uzito mkubwa katika matokeo, na uhusiano hauandikwi kwenye wasifu wa mtu. Hutaujua ukiwa chumbani kwako.

Nina ombi moja tena: usimwandalie hotuba. Watu wenye hali yako huwa wagonjwa wa mfano. Wanawahi, wanafanya kila zoezi, wanasema "naendelea vizuri" ili mtaalamu aridhike, kisha wanarudi hosteli kulia. Siku usipofanya zoezi, nenda vilevile, umwambie hukulifanya na uliona aibu kuja. Kikao hicho kitakufaa kuliko vile ulivyofanya kila kitu sawasawa.

Nilienda kwa mshauri wa kanisani kwetu. Aliniambia nipunguze mawazo na niombe. Naomba kila siku, lakini bado siwezi kutuma barua pepe bila kuisoma mara kumi. Labda ushauri haunisaidii? (Morogoro)

Endelea kuomba, na tafuta tiba pia. Havigombani. Ila "punguza mawazo" ni usia, na wewe umejiusia hivyo miaka yote. Tiba ina kazi ndani yake. Iliyochunguzwa zaidi kwa tatizo lako ni tiba ya fikra na tabia, iliyotokana na kazi ya daktari wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960. Mtaalamu atakuomba uandike unachokiogopa, kwa mfano "nikikosea herufi, mkuu ataniona mjinga". Mtakubaliana utume ujumbe mmoja mdogo ukiwa umeusoma mara moja tu, kisha uandike kilichotokea kweli. Baadaye utaacha kosa dogo makusudi. Mwanzoni moyo utadunda, na ndiyo maana unahitaji mtu wa kukusindikiza. Mipango mingi ya tiba hii huwa ya vikao 8 hadi 12 hivi. Kama umefika cha tano na bado mnapiga soga tu, mwambie wazi kabla ya kumhama.

Assalaam alaykum dada. Binti yangu wa darasa la tano anachana kurasa akikosea neno moja. Muhula huu alishika nafasi ya pili, akalia siku mbili. Nimpeleke kwa mtaalamu? (Tanga)

Waalaykum salaam. Mpeleke, na uende naye. Mtaalamu wa watoto atataka kuzungumza na wazazi, na ikiwezekana mwalimu. Anayemfungia mtoto chumbani bila kuwauliza ninyi lolote, mtilie shaka. Ukikosa pa kuanzia, afisa ustawi wa jamii wa hospitali ya mkoa atakuelekeza.

Wakati unasubiri, itazame nyumba. Paul Hewitt na Gordon Flett wa Canada, mwaka 1991, walitofautisha kiu ya ukamilifu mtu anayojitakia, anayowatakia wengine, na ile anayoamini kwamba watu wanaidai kwake. Hii ya mwisho ndiyo inayoumiza sana. Kwetu matokeo hubandikwa ukutani kwa nafasi, na mtoto akifika mlangoni swali la kwanza ni "umekuwa wa ngapi?" Jaribu kumuuliza leo amejifunza nini na amecheza na nani. Akichana ukurasa, usimkemee wala usimfariji kwa haraka. Kaa naye, andika neno, likosee mbele yake, likate kwa mstari mmoja, endelea.

Sina bima, na ada za kliniki binafsi siziwezi. (Kisumu)

Anza hospitali ya rufaa ya umma. Vyuo vinavyofundisha saikolojia huwa na wanafunzi wanaohudumia watu chini ya uangalizi, kwa ada ndogo au bure, ulizia. Ukimpata wa binafsi, omba punguzo au muonane kila wiki mbili. Wengi hukubali wakiulizwa.

Nimefeli mtihani wa bodi, mara ya kwanza kufeli maishani. Sijamwambia mtu. Naona afadhali nisiwepo. Nahitaji mtaalamu wa aina gani? (Dodoma)

Mwanangu, wewe usitafute kwenye orodha. Leo hii mwambie mtu mmoja unayemwamini, kaka, shangazi, jirani, maneno yaleyale uliyoniandikia, bila kuyapunguza. Akusindikize hospitali, kitengo cha dharura, iwe mchana au usiku. Hospitali ya Mirembe iko hapo hapo Dodoma. Ukifika sema: "Nina mawazo ya kujiua." Usitafute maneno mazuri zaidi ya hayo. Kama ndani kuna kitu ulichofikiria kukitumia, mpe huyo mtu akiondoe. Usilale peke yako usiku wa leo. Mtihani tutauzungumzia baadaye. Nimekuandikia pia moja kwa moja, sikungoja toleo hili. Nijibu, hata kwa neno moja.