Unataka kuandika siri za mtaani? Ngoja nikuambie habari ya sufuria ya uji

Juzi binti mmoja wa Makambako kanitumia meseji, "Shikamoo dada, na mimi nataka kuandika hadithi za wamama na siri za majirani kama zako, nianzie wapi?" Jamani niliisoma mara tatu. Sura 14 nimeziandika kwenye simu mtoto akiwa mgongoni, hapa hapa Ilomba, Mbeya, na watu wamezinunua WhatsApp mia tano mia tano mpaka zikaisha, kwahiyo najibu hapa na wengine msome.

Sisi tumekua na riwaya za Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa, bastola na majasusi, na nawapenda mpaka kesho. Ila hofu ninayoijua mimi ipo uwani, kwenye bomba moja la nyumba sita. Huko Australia Liane Moriarty mwaka 2014 alitoa riwaya ya wamama wenye watoto shule moja, toka mwanzo unajua kuna mtu kafa ila nani huambiwi mpaka mwishoni, na katikati hapo ni wamama tu wanagombana kisa watoto, mara huyu hajaalikwa besdei. Nikasema kumbe inawezekana, na mambo yetu ni hayo hayo.

Sasa mwezi wa sita, mnaijua baridi ya Mbeya, saa mbili watu wote ndani. Jirani yangu yeye saa nne usiku anatoka, anawasha mkaa, anakoroga uji. Mwanae yuko bweni. Uji wa nani? Wiki nzima nachungulia dirishani, sikulala, alafu nikaanza kuandika, nikampa mtoto wa siri kafichwa chumba cha ndani, na kila sura nikaikatia pale anaposhika kitasa. Hilo ndo la kwanza, anza na kitu kidogo ambacho hakina jibu, usianze na maiti.

Sura ya 9 ilipotoka huyo jirani alikuja. Hakuingia, alisimama mlangoni na simu, akanisomea kwa sauti, "sufuria yenye mpini ulioungua, mfuniko wa kijani sio wake." Akasema, mama Faraja, hii si sufuria yangu? Kumbe ndani alikuwa na mama yake mzazi, mgonjwa, hali ambayo mwenyewe bibi hakutaka watu waione, na uji ndo kitu pekee kilichokuwa kinapita. Na mtaa mzima ulikuwa umeshaanza kuulizana kuhusu huyo mtoto.

Niliomba msamaha. Akahama mwezi uliofuata, na sisi tulikuwa tunaachiana watoto, tunaazimana chumvi, nilimpikia alipojifungua. Inaniuma mpaka leo, siwezi kudanganya.

Kwahiyo wadogo zangu nisikilizeni. Chukua hofu, acha sufuria. Badilisha chombo, badilisha saa, badilisha nyumba, mpaka mwenyewe akisoma asijione. Na mama anayeficha kitu ana sababu, itafute hiyo sababu kabla hujaandika sura ya kwanza, mi nilimfanya wangu mbaya kwasababu sikujisumbua kuuliza, ningebisha hodi siku moja tu ningepata hadithi nzuri kuliko ile na jirani ningebaki naye. Msiwaandike wamama kama wachawi. Mama zetu wamebeba mambo mazito sana, tuwaheshimu, hata kwenye hadithi.

Jumamosi nilimuona yule jirani sokoni Mwanjelwa kwenye viazi. Nikamsalimia kwa Kinyakyusa, ugonile, akaniangalia, akaendelea kuchagua viazi vyake. Bibi nasikia alishafariki.

Wewe wa Makambako nitumie ukurasa wako wa kwanza. Mimi sura ya 9 nimeiandika upya, sasa hivi ni chupa ya chai.