Nilichanjwa zamani, lakini barakoa nashindwa kuivua

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Likoni na kazi yangu iko mjini, ofisi ya uwakala wa forodha. Nilichanjwa dozi mbili za AstraZeneca mwaka 2021, nikaongeza ya tatu mwaka uliofuata. Hadi leo navaa barakoa tangu natoka mlangoni mpaka nirudi nyumbani. Mume wangu huniuliza nilichanjwa ya nini. Wifi yangu alisema mbele ya wageni kwamba najificha uso. Nikiivua moyo hunienda mbio, najiona kama niko uchi. Baba yangu alifariki kwa korona Julai 2021 akiwa anangoja dozi ya pili, na nikiivua naona kama namsahau. Tena tunaishi na mavyaa, ambaye husafishwa damu mara mbili kwa wiki. Je, nina ugonjwa, au hawa ndio hawanielewi? – Mama wa Likoni"

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa baba.

Nianze na swali la mumeo, maana wengi huliuliza na lina jibu. Chanjo hupigwa begani, na kinga inayojengeka hukaa zaidi ndani ya damu. Virusi vya korona huingilia puani na kooni, mahali ambapo kinga hiyo huwa haba na hupungua baada ya miezi michache. Ndiyo maana aliyechanjwa anaweza kuambukizwa, akapata mafua ya siku tatu, na katika siku hizo akamwambukiza mwenzake. Lakini ugonjwa ukitaka kushuka mapafuni hukutana na kinga ya damu iliyokwisha kuujua, na kinga hii ya kuzuia ugonjwa mkali hudumu muda mrefu zaidi. Isitoshe, dozi ulizopata zilitengenezwa kwa sura ya kwanza ya virusi. Aina mpya ya virusi iitwayo Omikroni ilipojitokeza Novemba 2021 ilikuwa imebadilika kiasi cha kuzikwepa kwa sehemu. Kwa hiyo mwambie: nilichanjwa ili nisilazwe hospitali, na barakoa navaa ili nisimletee mama yako ugonjwa. Ni kazi mbili mbalimbali.

Pia usijione mjinga kwa kuchanganyikiwa. Mei 2021 Marekani iliwaambia waliochanjwa wavue barakoa, na Julai mwaka huo huo ikawarudishia ndani ya majengo kwenye maeneo yenye maambukizi mengi. Hapa kwetu Kenya kutovaa kulikuwa na adhabu ya faini ya hadi shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita. Machi 2022 sharti likaondolewa kwenye maeneo ya wazi, kisha Juni likarudi kwa magari ya abiria na sehemu zilizofungwa. Mwili uliotishwa hivyo kwa miaka miwili hauachi kwa sababu tu tangazo limebadilika.

Ninachokiona katika barua yako ni kwamba barakoa moja umeibebesha mizigo mitatu: kumkinga mavyaa, kutuliza hofu, na kumlilia baba. Mzigo wa kwanza inauweza. Ile miwili haiwezi, na ndiyo inayokuchosha.

Sasa tazama jambo moja uliloandika bila kuliona: unavaa "mpaka nirudi nyumbani". Maana yake unaivua hapo hapo alipo mgonjwa. Anayesafishwa damu huwa na kinga dhaifu, na hata akichanjwa mwili wake huitikia kwa unyonge kuliko wako. Unajilinda siku nzima kwenye upepo wa bahari, halafu mtoto anarudi shule na mafua anamkalia bibi mapajani. Hapa ndipo nguvu zako zinatakiwa. Mwenye mafua, kikohozi au homa katika nyumba, awe mtoto au mumeo, avae barakoa akiwa chumba kimoja na mavyaa, ale kando, alale kando, mpaka dalili ziishe na siku chache zaidi. Madirisha yafunguliwe pande mbili zinazotazamana, kwa sababu dirisha moja haliingizi hewa mpya ya kutosha. Feni iwekwe ikitoa hewa nje, isimpulizie yeye. Na siku ya kwenda kusafishwa damu, muulizeni daktari wa figo kama mama anahitaji dozi ya nyongeza na ile ya mafua makali. Nyote wawili mkiwa ndani ya chumba cha mashine, vaeni. Hapo pana wagonjwa wengi dhaifu, na kikao ni cha saa kadhaa.

Nje ya nyumba, amua kwa mahali. Usiamue kwa jinsi moyo ulivyoamka. Matatu iliyofungwa madirisha kwa sababu ya mvua: vaa. Ofisini, kama ni ile AC ya ukutani, kumbuka huzungusha hewa ile ile ya ndani. Watu wakijaa au mmoja akikohoa, vaa, na wakiwa wachache na dirisha liko wazi, hapana lazima. Feri ina upepo, lakini kule kwenye msongamano katikati watu wanapumuliana shingoni, kwa hiyo simama ukingoni. Barabarani, sokoni pa wazi, ukiwa peke yako mezani, barakoa haina kazi ya kufanya.

Na unapovaa, vaa inayofanya kazi. Ile ya buluu ya hospitali ina tabaka tatu, na ya katikati hunasa chembe kwa chaji ya umeme iliyomo kwenye nyuzi zake. Ukiifua kwa sabuni au ukiipulizia spiriti, chaji hiyo hufa. Itaonekana safi lakini imebaki kitambaa tu. Upande wa buluu hukaa nje, waya hubanwa kwa vidole viwili ufuate mfupa wa pua. Weka viganja pembeni ya mashavu upumue kwa nguvu: ukisikia hewa inatoka, au miwani ikifanya ukungu, inavuja. Dawa yake ni kufunga fundo dogo kwenye kila kamba karibu na ukingo wa barakoa, kisha uzikunjie ndani zile pembe zinazobaki wazi. Ikilowa jasho la Mombasa, badilisha. Kwa chumba cha mashine na matatu iliyojaa, barakoa ya aina ya N95 ni bora, kwa kuwa huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo sana, ila lazima ishike uso pande zote. Usinunue yenye kivalvu mbele, kwa sababu pumzi yako hutoka pale bila kuchujwa na ndiyo inayomfikia mavyaa. Ya kitambaa unayofua kila jioni iache kwa vumbi.

Tuje kwenye moyo kwenda mbio. Hofu ya namna hii hufunzwa kuondoka, na hufunzwa kwa hatua. Anza mahali ambapo hatari ni ndogo kabisa. Jioni kabla ya kupanda feri, tembea hadi bustani ya Mama Ngina, kaa kwenye benchi linalotazama bahari, uivue. Jipe alama ya hofu kutoka 0 hadi 10. Huenda ikawa 7. Kaa pale pale bila kuishika mkononi wala kuchezea simu, mpaka alama ishuke nusu. Mara nyingi hushuka yenyewe ndani ya nusu saa. Kosa wanalofanya wengi ni kuivaa tena hofu ikiwa kileleni. Ukifanya hivyo mwili unajifunza kwamba barakoa ndiyo iliyokuokoa, na siku ya pili hofu inakuja na nguvu zaidi. Rudia mara nne au tano, mpaka uanzie kwenye 3. Ndipo uende hatua inayofuata: mezani kwako ofisini kabla wenzako hawajafika, dirisha likiwa wazi. Kisha ukingoni mwa feri. Kisha chakula cha mchana nje na mwenzako mmoja unayemwamini. Matatu iliyofungwa madirisha, pamoja na hospitali, haviingii katika ngazi hii, huko utaendelea kuvaa. Moyo ukienda mbio hata ukiwa nyumbani, au usingizi ukikukimbia kwa wiki mbili, nenda kituo cha afya wakupime presha na uombe kuonana na mshauri nasaha. Huna wazimu. Ni hofu iliyokaa muda mrefu bila kuangaliwa.

Kuhusu baba, mwanangu, mazishi ya wakati ule mliyafanya mkihesabiwa makaburini na kuharakishwa. Wengi waliofiwa mwaka 2021 hawakulia wakamaliza, na machozi yaliyobaki hutafuta pa kukaa. Yako yamekaa kwenye barakoa. Yatafutie pengine. Chagueni siku, wewe na ndugu zako, mfanye kisomo au ibada ambayo hamkuipata, mpike alichopenda, kila mmoja aseme anachokumbuka. Ukishafanya hivyo, rudi Mama Ngina, uone kama alama ya kwanza bado ni ile ile. Sidhani itakuwa.

Wifi yako huna deni la kumweleza mambo ya moyo. Akisema tena mbele ya watu, mjibu kwa upole: "Wifi, nyumbani tuna mgonjwa wa figo," kisha endelea kuwakaribisha wageni chai. Na kama siku hiyo ana mafua, mpe barakoa moja kabla hajaingia chumbani kwa mama yake.

Mumeo mwombe jambo moja tu, kwamba jioni ya kwanza ya Mama Ngina aje mkae pamoja. Asikuhimize wala asikuulize alama zako. Akae tu mpaka ishuke.